Volti 12 na volti 24: Makosa mawili yaliyotugharimu betri, doo na usingizi

HARUFU ilianza kama mzaha. Ilikuwa saa tisa alasiri kule Magadi, jua linachoma hadi mbuzi wamejificha chini ya gari letu, na sisi tumeketi kwenye kivuli cha turubai tukingoja chai ichemke. Ndani ya gari, mtoto wa miaka mitatu wa wateja wetu alikuwa amelala fofofo kwenye kitanda cha nyuma. Mamake akageuka akatuuliza, “Nani ameacha mayai yakaoza?”

Hatukuwa na mayai.

Nilifungua mlango wa nyuma, harufu ikanipiga usoni. Nikainua ubao wa kitanda kidogo tu, nikasikia betri zikichemka taratibu kama sufuria ya githeri. Nilipogusa moja, niliondoa mkono haraka. Mbili zilikuwa moto kabisa. Zingine mbili, zilizokaa papo hapo kando yake, zilikuwa baridi tu kama hazijui kitu.

Mtoto alitolewa kwanza. Beshte yangu akazima swichi ya sola, tukafungua milango yote na kungoja. Hakuna aliyeumia. Lakini maze, usiku huo sikulala. Nilikuwa nawaza kitu kimoja: gesi inayotoka kwenye betri inayochemka hivyo ni haidrojeni, na haidrojeni inahitaji cheche moja tu. Ile harufu ya mayai viza nayo ni gesi nyingine yenye salfa, ambayo ni sumu ukiivuta kwa wingi. Na juu ya hayo yote tulikuwa tumelaza mtoto wa wenyewe.

Hii stori ni ya jinsi tulivyofika hapo. Nimeiandika kwa sababu naona vijana wengi siku hizi wanageuza magari kuwa nyumba, studio, kinyozi na jikoni, na karibu kila mmoja atakutana na swali lililotushinda: nina betri za volti 12 na zingine za volti 24 kwenye gari moja, nifanyeje?

Mbogi ya watu watatu

Niliacha chuo muhula wa tatu. Karo ilikataa, na mimi pia sikuwa nimekazana sana, tuseme ukweli. Nikarudi mtaani, nikaanza kublogi na kubeba kamera kwenye harusi za watu. Mwaka mmoja baadaye, wawili wa chama chetu walikuja na wazo: tununue HiAce kuukuu iliyostaafu kazi ya matatu, tuweke kitanda, sinki na friji, tuwe tunawakodishia watu wanaotaka kulala Naivasha au Magadi wikendi bila kubeba hema.

Gari tulipata. Seremala wa mtaa akatupigia kitanda. Kisha bahati ikatujia, au tulidhani ni bahati. Saiba moja ilikuwa inafungwa, na mwenyewe alikuwa anauza vifaa vyake vya sola: betri nne za volti 12 zenye ampea-saa 100 kila moja, paneli mbili na inveta. Alitaka 60,000 kwa vyote. Tulikusanya kila shilingi ya chama.

Shida moja tu. Inveta yake ilikuwa ya volti 24. Betri zile nne zilikuwa zimepangwa kwa jozi ili zitoe volti 24. Lakini HiAce yetu, kama magari mengi madogo, ina betri ya volti 12 na altaneta ya volti 12. Taa tulizonunua, friji, pampu ya maji na redio vyote vilikuwa vya 12.

Tukaambiana, betri ni betri. Hapo ndipo tulipopotea.

Kosa la kwanza: Nyekundu kwa nyekundu

Wazo letu lilikuwa rahisi. Gari likitembea, altaneta inachaji betri ya gari. Kwa nini isichaji pia zile za nyuma? Tukavuta waya kutoka mbele hadi nyuma. Mweusi kwa mweusi, haikufanya kitu. Beshte akagusisha mwekundu kwa mwekundu.

Cheche ilitoka kubwa kama ya fundi wa kuchomea vyuma. Taa ya ndani ya gari iling'aa kama mchana, kisha ikafa. Redio ikafa nayo. Waya ukaanza kutoa moshi, plastiki yake ikiyeyuka na kudondoka kwenye zulia jipya. Beshte aliung'oa kwa plaizi zenye mpini wa mpira, na hadi leo ana kovu kwenye kidole gumba.

Ilichukua sekunde chache tu. Wacha nieleze kilichotendeka, maana mimi mwenyewe nilielewa baadaye sana.

Fikiria matangi ya maji ya ploti. Ukiweka matangi mawili chini, moja kando ya lingine, na kuyaunganisha kwa paipu, una maji mengi zaidi lakini presha haiongezeki. Betri zikiunganishwa hivyo, kando kwa kando, volti hubaki 12 na ampea-saa hujumlishwa. Ukipandisha tangi moja juu ya lingine, presha ndiyo inayoongezeka. Betri zikifuatana hivyo, nyekundu ya hii kwa nyeusi ya ile, volti hujumlishwa: 12 na 12 zinakuwa 24, lakini ampea-saa hubaki za betri moja.

Sasa chukua tangi lililo juu ghorofani, uliunganishe kwa paipu na tangi lililo chini bila valvu. Maji yatashuka kwa kasi hadi tangi la chini lifurike. Hicho ndicho tulichofanya. Betri ya 12 iliyojaa husoma kama 12.7 ikiwa imetulia. Jozi ya 24 iliyojaa husoma kama 25.4. Tofauti ni volti 12.7, na kati yake hakuna kitu ila waya. Kama ukinzani wa waya na betri kwa pamoja ni omu 0.05, gawanya 12.7 kwa 0.05. Unapata ampea 254. Waya wetu ulikuwa wa kubeba kama 30. Na hatukuwa tumeweka fyuzi hata moja.

Tulipoteza redio, taa, waya na zulia. Tukasema sawa, tumesomeshwa, hizi betri haziwezi kuguswa pamoja. Tukaacha mambo ya altaneta kabisa. Betri za nyuma zitachajiwa na sola peke yake.

Lakini friji na taa bado zilitaka 12.

Kosa la pili: Kuiba katikati

Hili la pili ndilo baya, kwa sababu halina cheche wala moshi. Linafanya kazi vizuri kabisa, wiki baada ya wiki, huku linakula betri zako kimyakimya.

Kuna mtu alituambia: si volti 24 yenu ni betri za 12 zilizofuatana? Basi chukueni 12 yenu kutoka kwa zile za chini tu, pale katikati. Na kweli, ukiweka testa pale unasoma 12 safi. Tukafunga friji, taa, pampu na redio mpya hapo. Kila kitu kikawaka. Hatukununua kifaa chochote. Tulijiona majiniasi.

Tukaanza kazi. Wikendi tatu Naivasha, wateja wanafurahi, doo zinaingia kwa M-Pesa. Wikendi ya nne ndiyo ya Magadi.

Tuliporudi Nairobi tulimrudishia yule mama pesa zake zote. Hakuwa ameomba. Kisha tukapeleka gari kwa mzee mmoja Kariobangi, kule Light Industries, anayetengeneza umeme wa malori. Hakuuliza mengi. Aliinua ubao, akatazama nyaya, akawasha sola, akachukua testa yake iliyofungwa na selotepu.

“Kijana, soma hapa.”

Kwa betri zote pamoja: 28.8. Nikamwambia, “Mzee, si hiyo ndiyo inatakikana?” Maana hata kwenye kontrola ya sola imeandikwa 28.8.

“Sasa soma jozi moja moja.”

Zile za chini, tulizokuwa tunachota friji: 13.1. Zile za juu: 15.7.

Jumlisha mwenyewe. Ni 28.8 kamili. Kontrola ilikuwa inaona jumla tu, na jumla ilikuwa sawa. Haikuwa na njia ya kujua kwamba nusu moja inalala njaa na nusu nyingine inavimbiwa. Betri ya maji ya asidi inatakiwa kuchajiwa kwa kama 14.4, na kwenye joto kama la Magadi hata chini ya hapo. Yetu ilikuwa inasukumwa hadi 15.7, na juu yake kuna godoro.

Ng'ombe wawili, nira moja

Mzee alikaa kwenye tairi kuukuu akatueleza kwa lugha ya nyumbani. “Una ng'ombe wawili umewafunga pamoja. Kila usiku unamkamua mmoja, mwingine humgusi. Asubuhi unawapa majani kiasi kile kile, kwa sababu wamefungwa pamoja, huwezi kumpa huyu zaidi ya yule. Yule uliyemkamua atakonda. Yule mwingine atakula mpaka tumbo lipasuke.”

Nikamuuliza, “Lakini mzee, mbona ilikuwa inafanya kazi?”

“Hata ng'ombe anayekonda hutoa maziwa kwa muda.”

Betri zikifuatana, umeme unaopita kwenye moja ndio huo huo unaopita kwenye nyingine. Ukichaji, zote zinapokea sawa. Kwa hivyo lazima pia zitoe sawa. Ukichota kutoka kwa moja, umevunja ndoa hiyo. Iliyochotwa haijai tena kamwe, na betri ya asidi isiyojaa hushika utando mgumu wa salfeti ndani na kupoteza nguvu. Isiyochotwa hujaa mapema, kisha inaendelea kusukumwa, maji yake yanageuka gesi, inapata moto.

Akatuambia pia jambo ambalo linawahusu wengi wenu kuliko magari ya kambi. Mabasi makubwa na malori mengi huwa na mfumo wa volti 24, yaani betri mbili za 12 zinazofuatana. Redio na amplifaya nyingi za magari ni za 12. Akasema amechoka kuletewa magari ambayo fundi wa muziki ametoa 12 kutoka betri moja. Mwenye gari anabadilisha betri hiyo kila mara akidhani ameuziwa feki, kumbe betri haina makosa. Kwa hivyo kama una nganya, au unaendesha ya wenyewe, na kuna betri moja inayokufa kila wakati huku mwenzake akichemka, angalia waya wa muziki umetoka wapi.

Dawa yake

Kanuni ni moja: nyekundu ya 12 na nyekundu ya 24 zisikutane kamwe bila kifaa katikati. Nyeusi zinaweza kukutana kwenye bodi ya gari. Nyekundu, hapana. Kila kundi la betri linabaki na maisha yake, na kati yao unaweka konvata.

Sisi tuliishia kuweka konvata mbili, kila moja na kazi yake.

Ya kwanza inashusha. Inachukua 24 kutoka kwa betri zote zinazofuatana, inatoa 12 ya friji, taa, pampu na redio. Kwa sababu inachota kutoka juu hadi chini, hakuna ng'ombe anayekamuliwa peke yake. Yetu ni ya ampea 20, yaani kama wati 240, na inatutosha.

Ya pili inapandisha. Inachukua umeme wa altaneta gari likiwa linanguruma, inaugeuza kuwa wa kuchaji betri za 24. Hii ndiyo ile ndoto yetu ya mwanzo, sasa kwa njia halali. Chagua ile inayochaji kwa hatua kama chaja, isiwe ya kupandisha volti tu, na ihakikishe inajizima injini ikizimwa. Bila hivyo italala ikinyonya betri ya gari, na asubuhi mtasukuma.

Usinunue kubwa kupita kiasi. Ya kwetu hutoa ampea 10 upande wa 24. Hiyo ni kama wati 280. Lakini upande wa altaneta, kwa sababu volti ni ndogo na kuna umeme unaopotea njiani, inavuta kama ampea 23. Altaneta ya gari dogo bado ina taa, feni na betri yake ya kulisha. Ukiitwika mzigo wa ampea 50 au 60 mfululizo, utakuwa unanunua altaneta.

Kisha fyuzi. Mzee aligoma kuunganisha chochote kabla hatujarudi mjini Kirinyaga Road kununua fyuzi. Ziwe karibu na betri iwezekanavyo, moja kwa kila upande, maana waya huu una betri kwenye ncha zake zote mbili na unaweza kuungua kutoka upande wowote. Fyuzi inalinda waya, kwa hivyo ukubwa wake unafuata uwezo wa waya. Usiangalie ukubwa wa friji.

Mwisho, betri tulizihamisha. Sasa ziko ndani ya sanduku lililofungwa, lenye paipu inayotoa gesi nje ya gari kupitia sakafuni na nyingine juu. Kama betri zako ni za asidi na mtu atalala karibu nazo, hili si la hiari.

Lazima uwe na 24?

Hapana. Na ningependa mtu angetuambia hivi mapema.

Kama kundi lako la 24 limetengenezwa kwa betri za 12 zinazofanana, za umri mmoja na zenye afya, unaweza kuzipanga upya kando kwa kando, gari zima likawa la 12. Zetu nne zingekuwa volti 12 zenye ampea-saa 400. Umeme uliomo ni ule ule, wati-saa 4,800, ambao kwa betri za asidi ni busara kutumia nusu tu. Tungemuuza mwenzetu inveta ya 24, tununue ya 12. Kontrola nyingi za sola hukubali zote mbili, mradi uunganishe betri kwanza kabla ya paneli ili isome volti sahihi.

Kwa nini basi watu wanapenda 24? Ni kwa sababu ya waya. Kifaa cha wati 1,200 kwenye volti 12 kinavuta ampea 100. Kwenye 24 kinavuta 50. Na ampea zikipungua nusu, joto linalopotea kwenye waya ule ule linabaki robo. Kwa hivyo kama unataka kupikia umeme, kuendesha mashine ya kahawa au spika za nguvu, 24 ina maana. Kama ni taa, friji ndogo, simu na laptopu, kaa na 12 na ulale usingizi.

Na wale wa lithiamu, msijione mmepona. Betri ya lithiamu inayoitwa ya 12 ni seli nne za volti 3.2, yaani 12.8, na inachajiwa tofauti na ya asidi. Ukiifunga moja kwa moja na betri ya gari kwa sababu zote “ni 12”, inaweza kuvuta umeme mwingi kwa altaneta hadi ikaungua. Nayo inataka chaja yake katikati.

Jumapili iliyopita

Zile betri mbili zilizochemka ziliuzwa kwa kilo. Zile mbili zilizokonda mzee alizichaji polepole, moja moja, kwa siku kadhaa, zikarudi, ingawa si kama zamani. Alikataa kabisa tuziunganishe na mpya. “Utafunga ndama na fahali,” akasema. Kwa hivyo sasa tuna nusu ya umeme tulionunua, konvata mbili tulizozikopea, na deni la chama ambalo tunalipa hadi Desemba.

Kila safari, kabla wateja hawajapanda, kazi yangu ni moja. Nasimama nyuma ya gari na testa sola ikiwa inachaji. Napima betri zote pamoja, kisha moja moja. Zikiwa 28.8 pamoja, kila moja inatakiwa iwe karibu na 14.4. Zikiachana zaidi ya nusu volti, safari haiendi mpaka tujue ni nani anayekamuliwa. Fanya hivyo hata wewe, kwa gari lolote lenye 24. Testa ya kawaida pale Luthuli haiwezi kukushinda.

Wiki mbili baadaye nilimpigia yule mama wa Magadi. Niliogopa, lakini nilimweleza kila kitu: katikati, ng'ombe, 15.7. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ningemlaza mtoto wangu mwenyewe kwenye kitanda kile sasa.

Sina mtoto. Nikamwambia dadangu mdogo alilala hapo Jumapili iliyopita, Naivasha, na mimi nililala sakafuni kando yake, mkono wangu juu ya sanduku la betri. Lilikuwa baridi hadi asubuhi.